Kerezo Katika Kikundi: Kalamu za Mbao na Kazi Ndogo Ndogo za Mikono

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)

Wengine mmetoka mbali na tumbo halijaona chai, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Swali lililotuleta hapa mmeliuliza ninyi wenyewe. Vikundi kadhaa vina akiba kidogo. Vijana wenu wameona kalamu nzuri za mbao, zinang'aa, zimewekwa kwenye kisanduku, zinauzwa kama zawadi. Wamesikia kwamba zinatengenezwa kwa mashine ya kuzungusha mbao. Sasa wanasema, "Mama, toeni hiyo pesa ya chama tununue mashine." Akina mama nao wanajibu, "Pesa hiyo ni ya karo. Ikipotea mtatulipa na nini?" Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Tuangalie kazi yenyewe kwanza, halafu tuangalie pesa.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Kwa Kiswahili, kuzungusha mbao na kuikata kwa chombo chenye makali huku inazunguka huitwa kukereza. Mashine yake ni kerezo, na fundi wake ni mkereza. Mafundi wa mjini wengi wanaiita lethi. Ni kitu kile kile.

Hebu tutofautishe na kuchonga. Mchongaji anashika gogo likiwa limetulia na kulipiga kwa tezo. Kwa njia hiyo anaweza kutoa twiga, simba au mtu. Mkereza kazi yake ni vitu vya mviringo tu: mguu wa kitanda, mpini wa patasi, kinara cha mshumaa, shanga, kalamu. Twiga hawezi. Lakini kitu cha mviringo atakitoa haraka na kwa usawa ambao mkono mtupu hauupati.

Pwani kazi hii ina miaka mingi. Ukienda Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utaona vitanda na viti vya zamani vyenye miguu iliyokerezwa, pete juu ya pete. Wazee wale hawakuwa na umeme. Walizungusha mbao kwa kamba na upinde.

Bara nako tuna somo letu. Uchongaji wa biashara wa Ukambani unahesabiwa kuanza na mzee Mutisya wa Munge wa Wamunyu. Yeye alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, akaona kazi za mafundi wa huko, akarudi nyumbani akaanza kuchonga. Kutoka kwa mtu mmoja ikawa kazi ya maelfu ya familia. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba kazi ya mbao ni ya waliokosa shule.

AINA TATU ZA MASHINE

Ya kwanza ni kerezo la mti wa kupinda. Unafunga kamba kwenye mti mwembamba unaonepa, unaizungusha kwenye mbao mara moja au mbili, halafu unaifunga kwenye kanyagio chini. Ukikanyaga, mbao inazunguka kuja kwako. Ukiachia, mti unavuta na mbao inarudi nyuma. Unakata wakati inakuja kwako tu. Fundi wa kijiji anaweza kuijenga kwa mbao, misumari mikubwa miwili na kamba. Ni ya pole pole, lakini inafundisha mkono, na haigharimu akiba ya mtu.

Ya pili ni ya kukanyaga yenye gurudumu. Mafundi wa jua kali wanaweza kuitengeneza kwa miguu ya cherehani ya zamani, au kwa gurudumu la baiskeli lililoongezewa uzito. Hii inazunguka upande mmoja bila kurudi nyuma. Inafaa sana mahali ambapo umeme haujafika au unapotea kila jioni.

Ya tatu ni ya umeme. Kwa kalamu na kazi ndogo, mota ya nusu nguvu-farasi inatosha. Jua kali wanaiunga kwa vyuma vya pembe, mota iliyotumika, na puli za kubadilisha mwendo. Kalamu ikikaribia kumalizika inataka mwendo wa kasi, kama mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Kipande kikubwa, au ambacho bado kina pembe nne, kinataka mwendo wa chini.

Hapa tuwaambie habari ya kikundi kimoja, hatutakitaja. Walichanga miaka mitatu. Mfanyabiashara mmoja mjini akawauzia mashine kubwa nzuri, rangi ya kijani, kwa bei ya kutupa. Ilipofika kijijini fundi wa umeme akaitazama, akatikisa kichwa. Mota ilikuwa ya umeme wa fezi tatu, na nyumba zote za kijiji kile zina fezi moja tu. Kubadilisha mota kungegharimu karibu bei ya mashine. Muuzaji akasema bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Mpaka leo mashine iko chini ya turubai, na kuku wanataga ndani yake. Aliyeumia zaidi ni mama mmoja aliyeweka pale pesa za mbuzi wake wawili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, ulizeni: Ni fezi ngapi? Naweza kuiona ikizunguka na mbao ndani yake? Vipuri viko wapi? Nani atatufundisha? Na kama muuzaji anakasirikia maswali, funga mfuko wako uende nyumbani.

MBAO: MSIGUSE MSITU, ANGALIENI SHAMBA

Hapa ndipo sisi wa vijijini tuna nafasi kuliko mtu wa mjini. Kalamu moja inataka kipande chenye unene wa milimita 19 hivi kila upande na urefu wa sentimita 13. Kwa seremala hicho ni kitu cha kutupa jikoni. Kwa mkereza ni mali.

Wachongaji wetu walitegemea sana mpingo na muhugu. Miti hii inakua pole pole mno, na kwa sababu ya kukatwa bila kupandwa, imekuwa adimu katika misitu mingi ambako zamani ilijaa. Mpingo umo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Jamii yote ya miti hiyo ilitiwa humo Januari 2017. Baadaye, mwishoni mwa 2019, vitu vilivyokamilika vikaruhusiwa kupita bila karatasi za mkataba ikiwa mbao hiyo kwenye mzigo mmoja haizidi kilo 10. Msandali nao una ulinzi, na Kenya ilipiga marufuku kuuvuna msituni tangu 2007. Pembe za ndovu msizifikirie hata kidogo. Anayewaletea kipande "kidogo tu cha kupambia" anawaletea jela.

Sasa angalieni shambani. Mkahawa wa zamani ukikatwa ili uchipue upya, shina lake ni gumu, jeupe lenye rangi ya maziwa, na linang'aa vizuri. Watu wanalichoma tu. Mwembe uliozeeka una mistari mizuri. Mgrevilea wa mpakani una madoa yanayometa. Kuna jakaranda, mparachichi, na kwa watu wa pwani mwarobaini na mnazi. Mnazi unamaliza makali ya patasi haraka, lakini wageni wanaupenda. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wengi wamehimizwa kuhamia kwenye miti hii ya mashambani, na soko limeikubali.

Pembe ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji pia inakerezwa. Inanuka kama nywele zinazoungua, kwa hiyo fanyeni kazi hiyo nje.

Hata kama mti ni wako, muulizeni ofisa wa misitu kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha. Kibali ni karatasi ndogo, lakini kukikosa barabarani kunaleta maneno makubwa.

Mbao lazima ikauke. Mbichi itapasuka baada ya mnunuzi kulipa, na jina la kikundi litapasuka nayo. Pasueni vipande vidogo, pakeni nta au rangi kwenye ncha zote mbili ili zisikauke haraka kuliko katikati, vipangeni kivulini huku hewa ikipita. Kujua kama vimekauka, chukueni kimoja mkipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kiko tayari. Kila kipande andikeni jina la mti na tarehe.

KALAMU HATUA KWA HATUA

Kalamu za zawadi zinatengenezwa kwa vifaa vinavyonunuliwa tayari: mirija miwili ya shaba, ncha, kifaa cha kuzungusha wino, pete ya katikati, kofia na kishikizo. Aina ya kawaida mirija yake ni ya milimita 7. Wauzaji wa mjini wanaviagiza kutoka nje.

1. Chora mstari mmoja kwenye kipande chako kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha kikate viwili. Mstari utakuonyesha namna ya kurudisha nusu hizo mahali pake, ili mistari ya mbao ifuatane.

2. Toboa kila nusu katikati kwa keekee ya milimita 7. Usilazimishe. Ingiza kidogo, toa, ondoa unga, ingiza tena. Keekee ikipata moto mbao inapasuka.

3. Sugua mrija wa shaba kwa msasa ushike gundi. Paka gundi, ingiza huku unazungusha, acha hadi kesho. Vijana, kesho ni kesho. Si baada ya chai.

4. Sawazisha ncha za mbao mpaka shaba ianze kuonekana. Usiikate shaba yenyewe.

5. Vipande vyote viwili vitie kwenye chuma chembamba kinachopita katikati kama mshikaki, pamoja na vipete vya kipimo. Kaza kwa kiasi. Ukikaza sana chuma kinapinda, na kalamu inatoka yai.

6. Ondoa pembe nne kwanza, halafu shuka taratibu mpaka ulingane na vipete. Patasi kali inatoa maranda marefu. Ukiona inatoa unga, simama, nenda kwenye kinoo.

7. Piga msasa kuanzia namba 150, kisha 240, 320, 400, hadi 600. Usiruke namba. Mwisho simamisha mashine, sugua kwa urefu wa mbao. Wazee walitumia majani makavu ya mti unaoitwa msasa, ndiyo maana karatasi hii ina jina hilo.

8. Paka mafuta kidogo na nta ya nyuki, au vanishi. Kama kikundi jirani kinafuga nyuki, nunueni nta kwao. Pesa izunguke hapa hapa.

9. Unganisha kwa kusukuma pole pole kwenye jiriwa, yaani vaisi, iliyowekewa vibao ili isikwaruze. Ncha kwanza, kisha kifaa cha kuzungusha. Sukuma kidogo, jaribu, sukuma tena. Ukipitisha kiasi, kukirudisha ni taabu.

Halafu chukua karatasi uandike. Kalamu isiyoandika ni kijiti tu. Hakikisheni pia mjazo wa wino wa aina hiyo unapatikana madukani. Mwalimu aliyenunua kalamu yenu asipopata wino wa kuongeza, hatarudi.

MSIANZE NA VIFAA VYA KUAGIZA

Tunawashauri wanaoanza wafanye ile ya Bic. Chukua vibao viwili vyembamba, chimba mfuo kwenye kila kimoja, ukiacha sehemu ya nyuma bila kuchimbwa. Vikiwekwa pamoja, mifuo inakuwa tundu. Paka gundi ya mbao bila kujaza mfuo, bana usiku mzima, kisha kereza. Mrija wa wino wa Bic unaingia kwa mbele, na nyuma unagota. Toboa tundu dogo ubavuni la kuingiza hewa, kama lile la kalamu ya kiwandani, wino ushuke vizuri. Hapo hakuna shaba wala cha kuagiza. Ukiharibu, umeharibu kuni. Kijana akiharibu kumi za namna hii na ya kumi na moja ikakubali, sasa anaweza kuguswa na pesa ya chama.

Na kalamu si kazi ya pekee. Tazameni mnachohitaji ninyi wenyewe. Mipini ya patasi na tupa inanunuliwa na kila fundi. Mtwangio wa kinu kidogo cha viungo unanunuliwa na kila jikoni. Pia ya mtoto, ile ya kuchezea, ni kazi ya dakika chache na inamfundisha mwanafunzi kupata umbo. Kuna vinara, vishikio vya funguo, na shanga. Rozari nzima ina shanga 59, na parokia zinazinunua. Kwa shanga, toboeni kijiti kwanza, kisha kerezeni shanga nyingi mfululizo na kuzikata moja moja.

MWILI WAKO HAUNA VIPURI

Jameni, hapa tusikilizane sana. Mashine hii haijui wewe ni mtoto wa nani.

Leso, kitenge kilichofungwa ovyo, tai, mikono mirefu ya shati, mkufu, hata rozari ya shingoni: vyote vivuliwe au vifungwe. Nywele ndefu zifungwe na kufunikwa. Glavu zisivaliwe mashine ikizunguka, maana zikinaswa zinavuta mkono wote. Macho yavae miwani ya kinga. Miwani ni rahisi kuliko safari moja ya hospitali ya macho.

Egemeo la patasi liwe karibu na mbao, nafasi ya milimita chache tu. Zungusha kwa mkono kwanza uone haligusi, ndipo uwashe. Kulisogeza, zima mashine. Kipande chenye ufa au fundo linalocheza, tupa motoni.

Msitengeneze patasi kwa tupa kuukuu. Chuma cha tupa ni kikavu, kinaweza kuvunjika na kuruka usoni. Springi ya gari ni salama zaidi, ikishughulikiwa na mhunzi anayejua moto.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele, nayo ni vumbi. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vumbi la mbao linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Fanyeni kazi penye hewa, vaeni barakoa, mwagieni maji kidogo sakafu kabla ya kufagia. Mama anayenyonyesha asikae na mtoto ndani ya karakana. Na maranda makavu na sigara havikai nyumba moja.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano. Hizi si bei za soko la leo. Ninyi mtaweka zenu.

Vifaa vya kalamu moja: shilingi 250.
Mbao: shilingi 10.
Msasa, gundi na nta: shilingi 30.
Umeme: shilingi 10.
Saa moja ya kazi: shilingi 80.
Akiba ya kurekebisha na kubadilisha mashine: shilingi 40.
Jumla: shilingi 420.

Sasa kijana anasema, "Tuuze 450, tutapata faida ya 30." Ngoja. Katika kila kumi na moja unazoanza, moja itaharibika. Tuseme imeharibika mwishoni kabisa, pesa yote imeshaingia. Hiyo 420 lazima ibebwe na kumi zilizobaki, kila moja 42. Kumbe kalamu imewagharimu 462. Ukiuza 450 unapoteza shilingi 12 kila mara unapotabasamu na mteja. Ndiyo maana vikundi vinauza sana na bado havina kitu.

Wengi wanasahau ile saa ya kazi, wakisema, "Vijana wetu si watalipwa baadaye?" Kazi isiyolipwa inaonekana kama faida mpaka siku kijana anapoondoka kwenda mjini. Na wanaosahau ile 40 ya mashine, siku mota ikiungua wanarudi kwa akina mama kuchangisha upya.

NANI ATANUNUA?

Msianze na mtalii. Mtalii ni mgeni, na mgeni haji kila siku. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na tena mwaka 2020 wakati wa korona, wauza vinyago waliowategemea wageni peke yao walikaa na bidhaa mpaka zikashika utando wa buibui.

Anzeni na jirani. Shule inayofunga muhula inataka zawadi kwa wanafunzi bora. Kuna harusi, mahafali, jubilei, upadrisho, mwalimu anayestaafu. Chomeni jina la mtu kwenye mbao kwa waya wa moto, na kalamu haiwezi tena kulinganishwa na ya dukani. Wekeni kikaratasi: "Mbao ya mkahawa, shamba la kikundi chetu." Mtu ananunua kalamu na habari yake.

Chukueni oda kabla ya kutengeneza, pamoja na malipo ya mbele, hata kwa M-Pesa ya kikundi. Na mtu wa kati akija na kusema, "Leteni mia mbili, nitalipa nikiuza," mwambieni achukue kumi, azilipie, kisha arudi.

MASHINE NI YA NANI?

Kikundi kikivunjika, mara nyingi chanzo si mbao. Ni ufunguo. Mashine inawekwa kwa mwenyekiti, baada ya miezi sita imekuwa ya mwenyekiti.

Andikeni mapatano kabla haijafika: Itakaa wapi? Ufunguo ni kwa nani? Anayeitumia kwa kazi yake binafsi atalipa kiasi gani kwa saa? Daftari litaandikwa na nani, na litasomwa siku gani mbele ya wote? Kikundi kiwe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na risiti iandikwe kwa jina la kikundi, si la mtu.

Tena tuseme wazi: akina mama wakitoa pesa, nao wafundishwe kukereza. Kazi hii haitaki misuli. Inataka mkono mtulivu na jicho la kupima, na mama aliyefuma vyondo miaka ishirini anavyo vyote viwili. Tusikubali mpango ambapo pesa ni ya mama, mashine ni ya kijana, na faida haina mwenyewe.

JIBU LETU

Mmetuuliza: tununue? Tunasema: si leo. Fanyeni mambo manne kwanza.

Moja, chagueni watu wanne, wawili wakiwa wanawake, waende chuo cha ufundi kilicho karibu chenye kerezo. Zile polytechnic za vijiji zilizotokana na fikra za makanisa miaka ya 1960 sasa ni vyuo vya mafunzo ya ufundi chini ya serikali za kaunti. Ombeni siku moja kwa wiki, kwa malipo kidogo.

Pili, jengeni kerezo la kukanyaga kijijini, wengine wote wazoee.

Tatu, uzeni kalamu hamsini na vitu vidogo hamsini, kwa daftari lililoandikwa vizuri. Vikikwama, mmepoteza kidogo na mmejifunza mengi.

Nne, faida ya hivyo, pamoja na sehemu ya akiba isiyogusa karo, ndiyo iende kwenye mashine ya umeme. Pesa ya karo ibaki ya karo.

Vijana, tunajua kusubiri kunauma. Lakini mkija mbele ya mama zenu na daftari mkononi badala ya maneno, hakuna atakayewanyima. Na ninyi akina mama, siku daftari hilo likija limenyooka, msitafute sababu nyingine ya kukataa. Hao vijana mkiwakatisha tamaa leo, kesho mtawatafuta mjini.

Sasa chai iko tayari, na tukishakunywa tugawanyike katika vikundi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni miti gani iliyoko mashambani mwetu inayochomwa au kutupwa bure, na inaweza kukerezwa?

2. Tutaje watu kumi, shule au ofisi karibu nasi wanaoweza kununua mwaka huu. Nani ataenda kuzungumza nao, na lini?

3. Tufanye hesabu ya kitu kimoja kwa bei zetu wenyewe. Je, tumehesabu saa za kazi, zinazoharibika na akiba ya mashine?

4. Kama mashine ingefika kesho, ufunguo ungekaa kwa nani? Je, wote tumekubali, au tumenyamaza tu?

5. Kwa kila mti tutakaotumia, tutapanda mingapi, wapi, na nani atainywesha maji?